Siku moja maishani mwangu: naandika sabtaito za filamu ya upelelezi

Watu wengi wananiuliza kazi yangu hasa ni nini nikisema naandika sabtaito, yale maandishi ya tafsiri yanayotokea chini ya picha, basi leo nawaandikia siku nzima kama ilivyokuwa juzi Alhamisi.

Saa 10 na nusu alfajiri. Naamka muda huu kwa sababu mtaa umetulia, fundi wa kuchomelea vyuma jirani yetu anaanza saa 1 na akishaanza sisikii kitu hata nivae hedfoni gani. Filamu niliyonayo ni The Dead of Jericho, ile ya kwanza kabisa ya Inspekta Morse, ilirushwa na televisheni ya ITV Uingereza tarehe 6 Januari 1987, imetokana na riwaya ya Colin Dexter ya 1981. Jericho hapa sio ile ya kwenye Biblia, ni mtaa wa Oxford karibu na mfereji, nyumba ndogondogo zimebanana. Mwanamke mmoja anakutwa amefariki nyumbani kwake, watu wanaona amejiua, Inspekta hakubali. Nani alifanya nini siwaambii.

Nasikiliza kwanza bila kuandika. Muziki wa mwanzo wa Barrington Pheloung ule unaodundadunda, mle ndani kaficha jina la Morse kwa zile alama za simu ya maandishi, nukta na mistari. Yaani hata muziki una siri! Na hiyo ndiyo shida na raha ya kazi hii, filamu ya upelelezi inaishi kwa kile inachokificha, mimi natakiwa nifiche kilekile, nisizidishe wala nisipunguze.

Saa 12. Chai, mtoto kavaa, kaenda shule. Nimerudi mezani.

Saa 2 asubuhi. Nimekaa na vyeo, vimenila saa nzima. Morse ni ‘Chief Inspector’, sasa ukiandika Mkaguzi Mkuu Mtanzania yeyote anamfikiria Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ukiandika Inspekta Mkuu mtu anaona kama IGP, mkuu wa polisi wote. Nimeandika Inspekta tu, basi. Lakini Lewis, sajenti wa Morse, anavyomuita bosi wake, lile neno lao la heshima ‘sir’ analolirudia kila dakika, hapo sikuhangaika hata sekunde: afande. Neno moja, herufi sita, na linabeba kila kitu, heshima, uchovu, hata pale Lewis anapoona bosi anapotea njia ila hawezi kumwambia, ukisoma "Sawa, afande" unamuelewa kabisa.

Herufi nazihesabu kweli jamani. Mistari miwili kwenye kioo, kila mmoja usizidi herufi 42, na msomaji mhesabie herufi kama 17 kwa sekunde. Kiswahili kinapenda kubana sentensi nzima kwenye kitenzi kimoja, "asingenifungulia" ni neno moja tu, lakini lina herufi 16, kwahiyo mara unapata nafasi mara unaikosa.

Saa 4. Nimekwama kwa ndugu. Kwenye kesi kuna kina Richards, ndugu wawili wanaume, na Kiingereza kinasema ‘brother’ kimemaliza. Sisi je? Kaka au mdogo wake? Nikiandika kaka nimeshatoa habari kwamba huyu mwingine ni mkubwa, mstari wenyewe haujasema hivyo. Nikiandika ndugu, ndugu ni hata binamu, hata mtu wa kijiji kimoja. Na kwenye kesi kama hii huwezi kumuachia mtazamaji udugu wa kukisia. Nikampigia bibi yangu Tanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, za huko?"

Nikamuelezea nataka neno la ndugu wa baba mmoja mama mmoja, bila kusema nani katangulia. Hakufikiri hata kidogo. "Ndugu toka nitoke," akasema, "kwani nyie huko mjini mnasemaje?" Nikaliweka mara moja tu, pale ndugu wanapotajwa mwanzo, baada ya hapo "ndugu yake" inatosha kwa sababu mtazamaji ameshajua ni wa tumbo moja. Nimelipenda sana hilo neno, nimelirudia kwa sauti kama mara nne.

Saa 7 mchana. Umeme umekatika, laptopu ina asilimia 20, nikaizima nikachukua kitabu. Mimi huwa nasoma riwaya yenyewe kabla sijamaliza filamu, silipwi kwa hilo ila siwezi kufanya vingine. Aliyeandika skripti ni Anthony Minghella, na amebadilisha mengi. Kitabuni Morse anakutana na yule mama anayefariki kwenye sherehe, kwenye filamu wanaimba kwaya moja, na naona Minghella alifanya vizuri sana hapo, maana kitabu kinaweza kukuambia moyo wa mtu ulivyo, kamera haiwezi, inabidi ikuonyeshe wanaimba halafu wewe mwenyewe umuone Morse anavyomwangalia. Hata jina la pili la huyo mama ni tofauti, kitabuni ni Scott, kwenye filamu Staveley. Gari nalo, ile Jaguar Mark 2 nyekundu, kwenye vitabu vya mwanzo ilikuwa Lancia.

Ila lililonigusa ni Lewis. Kitabuni ni mtu wa Wales na umri umeenda, kwenye filamu Kevin Whately ni kijana wa Newcastle. Kwa Kiingereza ni lafudhi na sura tu imebadilika. Kwa Kiswahili lugha yote inabadilika! Lewis wa kitabuni Morse asingeweza kumtuma tuma vile bila hata "mzee wangu" kidogo, huyu kijana ndo anatumwa na anaenda.

Saa 9 na nusu. Umeme umerudi. Nimefika pale Morse anapoingiza tragedia, yaani tamthilia ya huzuni, ya Sophocles wa Ugiriki ya kale kwenye kesi, habari za Oedipus, yule mfalme aliyemuua baba yake bila kumjua akamuoa mama yake. Haya, elezea hiyo kwa mistari miwili na mtu anaongea haraka. Nilitaka kuandika "yule mfalme wa Wagiriki" nipite zangu. Halafu nikakumbuka, hivi Samuel Mushi si alishaitafsiri? Ndiyo, Mfalme Edipode, 1971. Jina letu tunalo zaidi ya miaka 50! Nikaandika Edipode. Asiyemjua atamtafuta, kama watazamaji wa Uingereza nao walivyotakiwa kumtafuta. Nilifurahi nikatoka nje nikanunua mhindi wa kuchoma.

Saa 2 usiku. Hapa ndo penyewe. Kila kazi ya upelelezi naijaribu kwa shangazi yangu na mdogo wangu wa kike, wanakaa sebuleni wanasoma, mimi nawaangalia wao siangalii filamu. Katikati shangazi akauliza, "Huyo wanayemsema kaingia mle ndani ni mwanaume au mwanamke?"

Nikashtuka. Kiingereza mara nyingi kinakusukuma useme mwanaume au mwanamke, na mtu asiyejulikana wao kwa mazoea ya zamani wanamfanya mwanaume. Sisi "alikuja" ni alikuja, yeyote. Kwahiyo shangazi alikuwa anashuku watu wengi kuliko Muingereza anavyoshuku, hadi akina mama wote waliopita kwenye kioo. Pale wanapozungumzia muuaji wasiyemjua sikuona tatizo, nikaacha, lugha yetu inatunza siri vizuri kuliko ya kwao. Lakini aliyeulizia shangazi ni mgeni aliyeonekana, shahidi anajua ni mwanaume, na mimi nimeandika "mtu". Hilo ni kosa langu, nimemnyima shangazi kitu ambacho filamu ilimpa.

Filamu ina kama dakika 100, tumemaliza karibu saa 4. Mdogo wangu alipatia nusu. Shangazi alikosea kabisa na hakukubali, akataka nirudishe nyuma aone alipodanganywa, tukarudisha, akasoma mistari yote ya pale kimya, akasema hapa hujanidanganya.

Saa 5 usiku. Nimebadilisha "mtu" kuwa "bwana" sehemu tatu, nikasevu faili. Shangazi akiwa mlangoni anavaa kandambili akauliza kama zipo nyingine za huyu mzee. Nikamwambia zipo 33 zote kwa pamoja, kuanzia 1987 hadi 2000.

"Zina Kiswahili?"

"Mimi nimepewa hii tu, shangazi."

"Haya, waambie wakupe ya pili."