Siku moja maishani mwangu: usiku mmoja na watoto wenye utapiamlo mkali

Saa 1 usiku. Napokea zamu. Sumbawanga msimu huu baridi inauma, na kitu cha kwanza ninachokagua katika chumba chetu, kabla hata ya mafaili, ni madirisha. Watoto hawa hawana akiba ya mafuta mwilini. Ubaridi wa usiku unaweza kumwondoa mtoto ambaye mchana alikuwa anakutazama vizuri tu.

Leo wako wanne. Watatu wana nyongea, mifupa na ngozi, na wanaendelea vizuri. Wa nne ameingia jioni hii: binti wa mwaka mmoja na miezi tisa, kilo 7.2, na sehemu ya kilo hizo ni maji. Uso umevimba, nywele zimepauka na zinang'oka, ngozi ya mapajani inabanduka. Nilibonyeza mguu wake kwa kidole gumba, shimo likabaki. Kwashakoo, utapiamlo wa kuvimba.

Saa 2. Sukari yake ilisoma 2.4, chini ya 3 ni hatari. Joto la kwapani 34.8. Nilimpa mililita 50 za glukosi ya asilimia 10 kwa mrija wa puani, kisha tukaanza F-75, maziwa maalumu ya kutibu utapiamlo, mililita 15 kila nusu saa. Nikamvua nguo, nikamlaza kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, mablanketi mawili juu. Antibayotiki alishaanzishwa ingawa hana homa, maana mwili uliochoka hivi hauna hata nguvu ya kupandisha homa. Baada ya nusu saa sukari ilikuwa 3.6. Nilishusha pumzi.

Saa 4. Kuanzia hapa ni mililita 60 kila saa mbili mpaka asubuhi. Bibi mzaa baba akaniita pembeni.

"Nesi mwanangu, mbona hamumtundikii dripu? Na damu hana, mpeni basi dawa ya kuongeza damu."

Swali hili naulizwa kila wiki, na huwa nalijibu taratibu kwa sababu linatoka kwenye mapenzi. Moyo wa mtoto huyu umedhoofika, maji ya dripu yanaweza kuuzidi. Madini ya chuma, ndiyo hiyo dawa ya kuongeza damu, nayo yanasubiri, kwa kuwa sasa hivi yanaweza kuchochea maambukizi. Atapewa akishaanza kuongezeka uzito. Hata maziwa yenyewe ni mepesi kwa makusudi: hiyo 75 ni kilokalori katika kila mililita 100. Ukimshindilia chakula kizito usiku wa kwanza, unaweza kumpoteza.

Bibi akanyamaza kidogo, halafu akasema lile nililokuwa nalisubiri. "Tusifichane. Mtoto amebemendwa."

Mama wa mtoto alisikia. Akavuta khanga usoni. Ana mimba ya miezi mitano.

Hapa huwa siwezi kupita tu. Neno hili linamwambia mama kwamba mtoto wake anaumwa kwa sababu ya kitanda chake, yaani alilala na mwanamume angali ananyonyesha, na nimeona akina mama wakimficha mtoto ndani kwa wiki kadhaa wakiogopa kulisikia. Nikavuta kiti, nikauliza mtoto alikuwa anakula nini. Mama alipojua ni mjamzito, aliambiwa maziwa yake yameharibika, akamwachisha ziwa ghafla. Tangu hapo ni uji mweupe asubuhi, ugali na majani jioni.

"Bibi, mnalima maharage?"

"Tunalima. Tunauza."

Rukwa yetu ina mahindi hadi ya kusafirisha, na dagaa wa Ziwa Tanganyika wanafika sokoni. Chakula kipo. Jina kwashakoo lenyewe Dkt. Cicely Williams, aliyetibu watoto huko, alilichukua kwa kabila la Waga wa Ghana, akalichapisha mwaka 1935: ni ugonjwa wa mtoto anayempisha mdogo wake. Waliona mtoto aliyekosa ziwa, akakosa na cha kulifidia. Nikamwambia bibi hivyo. Hakujibu, ila alikwenda kumfunika mkwewe miguu.

Saa 6, saa 8. Maziwa, joto, maziwa, joto. Akatapika mara moja, nikarudia kidogo kidogo.

Saa 10. Muda huu ndio ninaouogopa, usingizi unapowabeba mama na nesi pamoja na mlo mmoja ukarukwa. Nilikuta bibi yuko macho, ameshika kikombe. Joto 36.1, sukari 4.3. Mtoto akalia, kwa sauti, mara ya kwanza tangu aje.

Saa 12 asubuhi. Mizani: kilo 7.1. Mama akashtuka, nikamweleza kwamba uvimbe ukianza kutoka, uzito hushuka kwanza.

Saa 1:30. Nakabidhi. Kwenye chati nimeandika: mililita 60, kwa kikombe 45, kwa mrija 15. Kwa nesi wa mchana nimeongeza: hakuna dripu, hata wakiomba. Na mama asiachwe peke yake ndugu wakija kutazama mgonjwa.