Vibao vya nyungu

Kazi yangu ni kuandika vibao. Ukipita mtaa wa Katuba hapa Lubumbashi ukaona saluni imeandikwa kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, na pembeni kichwa cha mwanamke aliyesuka rasta, huenda ni mkono wangu. Naandika pia milango ya teksi, na ukifika uchaguzi naandika kuta za wanasiasa, watu wanaolipa kwa kuchelewa pale wanapolipa. Maonyesho ya sanaa hayakuwahi kunihitaji. Likizo kubwa iliyopita, kijana mmoja aliyesomea uchoraji akaniita niandike kadi za maonyesho ya nyungu, yaani vyungu vya udongo, kijijini, upande wa barabara ya Kipushi. Mashine ya kuchapa inataka umeme, na kule umeme hakuna.

Nyumba ya maonyesho ni banda refu la matofali, malata juu, madirisha bila vioo. Matofali yalitoka kwenye kichuguu kilicho nyuma yake, na nusu ya kichuguu hicho ingali imesimama, inalipita banda kwa urefu. Udongo huohuo akina mama wanauchanganya na ule mweusi wa bondeni. Halafu wanatwanga vigae vya nyungu zilizovunjika, wanavichekecha na kuvitia humo, ili udongo usipasuke ukikauka. Kwa hiyo nyungu ya bibi iliyovunjika miaka mingi iliyopita inaweza kuwa ndani ya hii unayoinunua leo.

Wakati wa mvua banda ni stoo tu. Maonyesho hufanyika mwezi wa saba na wa nane, maana hapo ndipo kuni ni kavu, nyungu zinachomwa, na watoto hawako shuleni.

Kijana alinipa orodha yake. Kila kadi ilisema jambo moja: "Bila jina. Udongo uliochomwa." Chini yake urefu kwa sentimita. Ndivyo inavyoandikwa kwenye galeri, akaniambia. Mimi fundi, nikaandika. Nilikuwa bado napuliza wino ukauke, mama mkubwa wa pale akaja na mjukuu wake.

"Soma," akamwambia mtoto. Mtoto akasoma.

"Bila jina? Weye fundi, mimi niko na jina. Na mama yangu alikuwa na jina."

Kijana akaingilia kwa heshima, akaeleza kuwa isiyo na jina ni nyungu, si yeye.

"Nyungu iko na kazi. Iyi ni ya munkoyo. Ile ya sombe. Kale kadogo ka dawa. Sasa bantu ba muji batajua aje?" Munkoyo ni kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, na sombe ni mboga ya majani ya muhogo.

Hapo ndipo akina mama wengine walipokusanyika na kuanza mchezo wao. Mmoja alifumba macho, akapewa nyungu, akapitisha kidole gumba kwenye shingo yake, pale mistari inapochorwa kwa gunzi la hindi. Akataja mwenye kuifinyanga bila kusita. Akapewa nyingine, akataja. Ya tatu aliigeuza juu chini, akapapasa kitako, akacheka: "Iyi haiko ya mimi, ni ya muke wa kaka yangu, anabonyezaka sana." Mimi nilikuwa nimezitazama nyungu hizo tangu asubuhi na kwangu zote zilikuwa sawasawa.

Nikageuza kadi zote, nikaandika upya upande wa nyuma, kila nyungu na jina la mwenye kuifinyanga na kazi yake.

Na hapa niseme ninavyoona. Lubumbashi ni mji wa wachoraji wenye majina. Miaka ya 1940 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana iliyoitwa Hangar, na waliotoka humo tunawajua: Pili Pili Mulongo na ndege na samaki wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake, Bela aliyechora kwa ncha za vidole. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu akaichora historia ya nchi picha baada ya picha, na saini yake iko pale, huwezi kuikosa. Hata mimi kwenye mlango wa teksi naweka herufi zangu mbili kwenye kona. Mama anayefinyanga kwa vidole kama Bela, yeye anaandikiwa "mfinyanzi wa kijijini", na hapo ni kama amepewa heshima kubwa.

Kwa wale wa zamani hatuna la kufanya. Kule Sanga, kando ya Ziwa Kisale, makaburi ya watu wa miaka karibu elfu moja iliyopita yalifukuliwa mwaka 1957 na 1958, yakatoa vyungu vizuri mno, na ya watoto yakatoa vyungu vidogo. Kulikuwa pia na majiko ya udongo yenye pembe tatu za kushika chombo. Ukiyaona utasema ni mbabula, majiko yetu ya makaa, ila mbabula zetu leo ni za bati la mabaki. Waliofukua majina yao yanajulikana, Nenquin na Hiernaux. Waliofinyanga hawajulikani wala hawatajulikana. Lakini huyu wa barabara ya Kipushi amesimama mbele yangu, ana simu, ananidai kadi yake!

Shida ikaja pale mama mmoja alipokataa kuandikwa peke yake. Nyungu ameiumba yeye, lakini udongo ulichimbwa na mjukuu, na aliyeichoma ni wifi yake, na moto ndio kazi. Kadi yake ikawa na mistari mitatu. Wengine walipoiona wakataka yao iwe hivyo. Kijana akalalamika kwamba wageni wa mjini hawasomi maneno mengi. Mimi nikawa upande wa akina mama, na sifichi kwamba kadi ndefu hulipwa zaidi.

Siku ya kufungua, wageni wa mjini kweli hawakusoma sana. Waliosoma ni watoto. Kila mtoto anayejua herufi alishikwa mkono na bibi au shangazi, akazungushwa banda zima, asome kadi baada ya kadi kwa sauti. Jina likitajwa, mwenyewe alijibu kutoka popote alipo, "njo mimi!", na watu wakapiga vigelegele. Wanaume waliozoea kukaa chini ya mti kungoja hotuba ziishe waliingia nao, kusikiliza kama mama zao wamo.

Jioni nyungu zikachomwa, na kwangu hilo ndilo onyesho lenyewe. Kwanza zinazungushiwa moto mdogo, polepole, hadi zipate joto zote. Unyevu ukibaki ndani unageuka mvuke, na nyungu inapasuka. Kisha zinalazwa juu ya magome na kuni, zinafunikwa nyasi, na moto mkubwa unawashwa. Moto wa wazi namna hiyo hufika nyuzi 600 mpaka 900 za Selsiasi. Katikati ya moto tulisikia "pa!" na uwanja wote ukanyamaza. Wifi akaangalia moto, akasema ni ya nani. Mwenye nayo akapiga ulimi, akaendelea kuchambua sombe. Baadaye zilitolewa kwa mti mrefu mbichi, nyekundu bado, zikanyunyiziwa maji ya magome yaliyochemshwa. Zikachachatika, zikatoka madoa meusi na ya kahawia ambayo hakuna brashi yangu inayoyaweza.

Munkoyo ulikuwepo wa namna mbili, wa bidoni, yaani dumu la njano, na wa nyungu. Wa nyungu uliisha kwanza. Nyungu inatoa jasho, na jasho hilo linapoza kilicho ndani, kwa hiyo hata saa nane mchana ulikuwa baridi.

Mauzo yalikuwa ya wastani. Mgeni mmoja wa mjini alipita nyungu mpya zote akasimama kwenye ile ya sombe, yenye masizi, kadi yake inasema inapikia nyumba gani. Akauliza bei kwa dola. Mama akamwambia haiuzwi, maana jioni ataipikia. Mgeni akapandisha bei. Mama akamwita mtoto aje aitoe pale mezani, maji yamekwisha chemka.

Uchomaji unaendelea kila Jumamosi hadi mvua zianze. Anayenunua nyungu anaondoka na kadi yake. Kibao cha barabarani sijakiandika, kwa sababu wenyewe bado wanabishana waiite nini nyumba yao. Kwa sasa waulize wauza makala, yaani makaa, walio kando ya barabara, wote wanaijua. Na mbebe faranga ndogondogo, chenji ya dola pale hakuna.