Mbweha wa London hana mwenyewe, ila kuku wana mwenyewe

Egesha gari dakika tano pasipo pake, barua ya faini itakufikia nyumbani. Mbweha akikumalizia kuku sita usiku mmoja, ukaipigia simu halmashauri, utajibiwa kwa upole kwamba wao hawashughulikii mbweha. Panya, pengine watakuja. Mbweha ni wako.

Hasira ya kwanza ni kutaka kumwua, kama tunavyomfanya kicheche kule nyumbani kwetu. Hapa sumu ni jinai, na sheria ya 2004 imepiga marufuku kuwinda na mbwa. Kampuni binafsi zitakuja, zitakutoza hela ambayo nyumbani ungejengea banda na kubakiza ya chakula, halafu mbweha mwingine atahamia eneo lililobaki wazi. Hela hiyo ipeleke kwenye waya.

Na siyo wavu wa kuku ule wa matundu ya pembe sita. Huo unamzuia kuku asitoke, haumzuii mbweha asiingie, anautafuna. Nunua wavu uliochomelewa, matundu ya milimita 13, unene wa waya milimita 1.6. Funika mpaka juu, kwa sababu uzio wa mita mbili anaupanda kama paka. Chini, ulaze wavu kuelekea nje sentimita 45 hivi, uubane kwa vigingi, nyasi ziote juu yake. Anapochimba huanzia palepale kwenye ukuta wa banda, anakutana na waya, na hana akili ya kurudi nyuma nusu mita. Mlango weka komeo mbili. Kile kibao cha kuzungusha kinachokuja na mabanda ya dukani anakisukuma kwa pua.

Watu wanauliza mbona aue wote na kubeba mmoja. Kuku waliofungiwa hawana pa kukimbilia, wanapapatika mbele yake, naye anaua kwanza. Kubeba na kufukia akiba ni baadaye. Kwa hiyo usiku wa pili atarudi.

Ninyi mnaokuja kwa kazi za zamu mnisikilize: Desemba jua la London linazama kabla ya saa kumi jioni. Wewe bado uko kazini, banda liko wazi. Mlango wa kujifunga wenye kihisi cha mwanga ni bora kuliko wa saa, maana wa saa utaurekebisha kila baada ya wiki chache. Betri kagua kabla ya baridi kali. Na tangu Oktoba 2024 hata kuku mmoja England lazima aandikishwe serikalini, na mabaki ya jikoni kumpa ni kosa. Ndiyo, hata maganda ya viazi. Sicheki.

Paka wa nyumbani aliyekomaa msimwogopee sana. Mbweha ana kilo tano hadi saba tu, na mara nyingi wanapishana kama majirani waliogombana. Wa kufungia ni vitoto vya paka na sungura. Mbwa tatizo lake ni jingine: upele wa mbweha unamwambukiza, na minyoo ya mapafu (lungworm), ambayo mbweha huibeba, inampata mbwa anapokula konokono. Dawa za kawaida za minyoo si zote zinaiua; mwulize daktari wa mifugo kwa jina la ugonjwa. Kichaa cha mbwa, hofu yetu kubwa, mbweha wa Uingereza hawana.

Kati ya Desemba na Februari mtasikia mwanamke anachinjwa saa nane usiku. Msipige polisi. Ni mbweha wanatafutana.

Watoto huzaliwa Machi na Aprili, wanne au watano, mara nyingi chini ya stoo ya bustani. Usizibe tundu miezi hiyo hadi Mei iishe. Mama atabaki nje, watoto wafie ndani, na harufu utaijua mwenyewe. Baadaye jaza nyasi kavu mlangoni mwa tundu kwa ulegevu. Zikikaa siku kadhaa bila kuguswa, hamna mtu: ziba kwa wavu uleule, uufukie sentimita 30. Mbolea ya damu na mifupa acha kuitumia, maana anafukua miche akidhani umezika nyama. Viatu vya kazini usivilaze nje, huviiba.