Siku moja maishani mwangu: piano moja, mapigo 240

Saa 11:00 alfajiri
Kazi yangu ni kurekodi ala noti moja moja, kisha kuzipanga kwenye kompyuta ili mtu mwingine aweze kuipiga ala hiyo kwa kibodi yake. Juzi ilikuwa zamu ya piano ya wima, iliyotyuniwa na fundi jioni iliyotangulia. Nilizima feni, friji na taa inayovuma, nikavaa hedifoni, nikarekodi dakika nzima ya chumba kitupu. Mvumo mdogo ukiachwa hapa, utajirudia ndani ya kila noti.

Saa 12:00 asubuhi
Piano ina vitufe 88, lakini sivirekodi vyote. Nikianzia noti ya chini kabisa na kusogea nusu toni tatu kila mara (nusu toni ni hatua ya kitufe kimoja hadi kinachofuata, kiwe cheupe au cheusi), nafika ya juu kabisa kwa noti 30 kamili. Kila sampuli, yaani rekodi ya noti moja, inavutwa na kompyuta nusu toni moja tu kwenda juu na moja kwenda chini ili kujaza vitufe vya jirani, na kwa umbali huo sauti haiharibiki. Kila noti inapigwa kwa tabaka nne za nguvu, na kila tabaka mara mbili, kwa kuwa noti ikirudiwa haraka kwa rekodi ileile, husikika kama mashine. Jumla ni mapigo 240. Kwa vitufe vyote yangekuwa 704.

Mwenzangu ndiye mpigaji. Nilimwomba aanze kwa nguvu zake zote, nikaweka kiwango cha kurekodi ili kilele cha sauti kikomee desibeli 6 chini ya ukomo, yaani pale sauti inapoanza kukwaruza. Baada ya hapo sikugusa kitu. Ukirekodi kwa biti 24 (kipimo cha undani wa rekodi), pigo laini halipotei hata likiwa chini sana.

Saa 1:00 asubuhi
Hapa ndipo muda mwingi huokolewa au kupotea. Wengi hurekodi noti moja kwa nguvu zote nne ndipo waende nyingine. Mimi naenda tabaka kwa tabaka: noti zote 30 kwa ulaini, kisha ngazi inayofuata. Mkono wa mpigaji ukishazoea nguvu fulani haubadiliki, na mapigo laini yanamalizika kabla mtaa haujaamka. Pikipiki ikipita wakati wa mapigo mazito, tunaweza kuvumilia. Wakati wa mapigo laini haivumiliki.

Sisimamishi rekodi. Tukikosea napiga makofi mawili, tunarudia palepale. Makofi yanaonekana wazi kwenye mchoro wa sauti, na baadaye nayatafuta kwa macho tu. Tulisubiri kila noti ife yenyewe. Za chini zinadumu zaidi ya nusu dakika, za juu kabisa ni suala la sekunde chache. Kwa wastani wa sekunde 20, mapigo 240 ni dakika 80. Pamoja na makosa na kupumzisha mkono, tulitumia saa mbili na nusu.

Saa 4:00 asubuhi
Nakala mbili kwenye diski mbili, kabla ya kukata chochote. Niliwahi kupoteza rekodi ya siku nzima kwa kutofanya hivi.

Saa 5:00 asubuhi
Programu ilikata faili mahali penye ukimya, ikayapa majina kutoka orodha niliyoiandaa siku iliyopita: piano_060_t3_m2, yaani noti ya 60, tabaka la tatu, mzunguko wa pili. Natumia namba ya MIDI, lugha ambayo kibodi na kompyuta hutumia kutajiana noti, kwa sababu noti hiyohiyo ya 60 kampuni moja huiita C3 na nyingine C4. Mwanzo wa kila faili niliukagua mwenyewe. Ukikata karibu mno unaondoa mguso wa nyundo, ukiacha nafasi kubwa mpigaji atahisi kibodi inachelewa. Naacha milisekunde chache.

Sipandishi kila faili hadi kiwango kimoja. Tofauti ya laini na nzito ndiyo piano yenyewe.

Saa 8:00 mchana
Ramani, yaani orodha ya faili gani ilie kwa kitufe gani, naiandika kwa SFZ, muundo wa faili ambao ni maandishi ya kawaida. Noti ya 60 inashika 59 hadi 61. Skripti fupi ilisoma majina ya faili ikaandika mistari yote 240.

Saa 10:00 jioni
Nilipiga wimbo wa polepole nikisikiliza mipaka kati ya sampuli moja na nyingine. Noti ya 75 ilijitokeza kuliko jirani zake, nikaishusha desibeli moja na nusu ndani ya maandishi. Noti ya 30, tabaka laini, ilikuwa na mlio wa kiti katika mizunguko yote miwili. Hiyo haina dawa ya kompyuta.

Saa 4:00 usiku
Maikrofoni zilikuwa bado zimesimama. Sizitoi kabla ya majaribio. Mwenzangu alirudi.

“Kwa noti moja tu, kaka?”

“Moja, dada, mara mbili. Laini kama ya asubuhi.”

Alipiga. Tukakaa bila kutikisika hadi nyuzi zikanyamaza, akapiga tena.