Nilikimbia kitu ambacho hakikuwepo

Ijumaa ya tarehe 24 Novemba 2017 nilikuwa Oxford Street, London, namtafutia mwanangu viatu vya baridi. Ghafla nikaona umati unakuja mbio. "Risasi!" Mimi sikusikia mlio wowote, lakini nilikimbia, mfuko nikauacha palepale. Nikajikuta stoo ya duka moja, tumebanana katikati ya maboksi, dada wa duka amezima taa. Mwanga ulikuwa wa simu tu.

Humo gizani nikaandika kwenye grupu letu la watu wa Mwanza: "Wanapiga risasi. Niombeeni."

Baadaye polisi wakasema hapakuwa na risasi hata moja. Inaelekea ni wanaume wawili waliokwaruzana kwenye stesheni ya Oxford Circus. Wahudumu wa ambulensi walitibu watu 16, na waliowaumiza ni sisi wenyewe tuliokuwa tunakanyagana. Kwetu Kirumba, Mwanza, nako nyumba ilikuwa imejaa majirani, mama analia.

Ni kweli, mwaka huo London ilikuwa na kidonda. Tarehe 3 Juni watu watatu wenye gari la kukodi na visu waliua watu 8 pale London Bridge, na kundi la kigaidi la ISIS likadai ni askari wao. Lakini nilipokuwa nakimbia mimi, hao ISIS walikuwa wameshafurushwa kwenye ngome zao, Mosul kule Iraq na Raqqa kule Syria. Oxford Street hawakumtuma mtu. Kazi yao niliwafanyia mimi, tena kwa bando langu.

Tangu siku ile mama ananikataza treni. Anauza dagaa Mwaloni, na boti kwake ni kama daladala. Alikuwepo Mei 1996 MV Bukoba ilipozama na mamia ya watu. Mmoja wa waliokufa maji humo ni Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda wa kijeshi wa al-Qaeda. Nilipomsimulia mama, aliuliza tu kama alikuwa na watoto. Hata MV Nyerere ilipoua watu 228 pale Ukara mwaka 2018, alilia wiki nzima, kisha akarudi kwenye boti.

Jumapili iliyopita:

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Treni hupandi, eti?"

"Sipandi," nikamdanganya. "Wewe je?"

"Jumatano naenda Nansio, kuna dagaa wazuri."

"Maboya yapo humo?"

"Yapo, baba. Wameyafungia stoo yasiibiwe."