Begi Dogo, Mizigo ya Watu

Lindi, Jumatatu usiku

Nimerudi leo saa kumi na moja jioni, na begi langu nimelifungua na kulimaliza kabla chai haijachemka. Dera mbili, kanga doti moja, sweta, nguo za ndani, ndala, kifuko cha mswaki na sabuni. Basi. Siku nne, Lindi mpaka Newala, tukateremkia Mtwara, tukarudi kwa njia ya Mikindani, na hakuna siku niliyotafuta kitu nikakikosa. Vilivyojaa sebuleni sasa hivi si vyangu. Kuna viroba viwili vya mbaazi, korosho za kukaanga ndani ya mifuko iliyoandikwa majina kwa kalamu, na hadi magharibi kulikuwa pia na kindoo cheupe chenye kifuniko ambacho nitakieleza mbele. Kesho ni siku ya kuvipeleka kwa wenyewe.

Watu wakizungumzia kusafiri na mzigo mwepesi, huzungumza kama vile begi ni la msafiri peke yake. Huku kwetu sivyo. Ukisema tu dukani kwamba keshokutwa unakwenda Newala, habari imeshafika mtaa wa pili. Usiku wa kuamkia safari bibi mmoja jirani yangu alibisha hodi, kanga kajitanda, kindoo mkononi. Ndani mlikuwa na ng'onda, wamepangwa vizuri, chumvi inang'aa juu yao.

"Mwanangu, huyu mdogo wangu kule juu hajaonja samaki wa pwani tangu mfungo. Utaniwekea?"

"Nitakuwekea, bibi."

Nilijibu bila kufikiri, maana nafasi ilikuwepo. Miaka miwili mitatu iliyopita ningejibu hivyo hivyo, kisha nikalala na hasira, nikijiuliza kindoo cha samaki kitakaa wapi.

Kilichonibadilisha ni Mei 2024, kile kipindi cha Kimbunga Hidaya. Nilikuwa narudi kutoka Dar es Salaam kwenye harusi. Barabara yetu ya kusini ikakatika maeneo ya Somanga, magari yakapanga foleni huku na ng'ambo. Nilikuwa na sanduku la magurudumu na juu yake begi la shangazi kaja lililojaa mpaka zipu inalia. Ndani ya sanduku mlikuwa na magauni saba na viatu jozi nne, kwa harusi ya siku tatu. Maji yalipopungua baadhi yetu tukaamua kuvuka kwa miguu tukatafute gari upande wa pili. Magurudumu ya sanduku hayana kazi kwenye tope. Nililikumbatia, shangazi kaja kichwani, nikaanza kutembea.

Mbele yangu alikuwepo mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine wa miaka kama minne amemshika mkono. Yule wa kushikwa mkono aliteleza, akaketi kwenye matope akilia, akagoma kuinuka. Mama akageuka akanitazama. Hakuniomba kitu, alinitazama tu, akaona mikono yangu, akageukia wengine. Kijana mmoja aliyekuwa na mkoba mdogo begani akaja akambeba mtoto mabegani mpaka ng'ambo.

Sikusahau ile sura. Si kwamba sikutaka kumsaidia, sikuwa na mkono. Nilikuwa nimeijaza mikono yangu viatu.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja: nikishafungasha, lazima mkono mmoja ubaki mtupu. Begi langu liwe la kuvaa mgongoni, nilinyanyue mwenyewe bila kumwita konda, na nikitembea nalo kutoka nyumbani hadi stendi nisihitaji kupumzika njiani. Likinilemea, narudi ndani napunguza.

Kinachonisaidia kuliko vyote ni kanga. Doti moja, vipande viwili, usivitenganishe kwa kuvikata kabla hujajua unakwenda kufanya nini navyo. Safari hii kanga imekuwa taulo, imekuwa shuka nyumba tuliyolala Masasi, imekuwa mtandio tulipoingia msibani Tandahimba bila kutarajia, na Jumapili asubuhi niliiviringisha ngata nikajitwika ndoo ya maji kichwani. Taulo la kawaida likilowa linabaki zito kutwa nzima na linaanza kunuka. Kanga ukiipepea dirishani gari likienda, ukifika Ndanda imekauka.

Dera nalo ni jepesi, unalifua usiku unalivaa asubuhi. Lakini hesabu yake inategemea unakokwenda. Lindi mwezi huu wa Julai ukianika dera saa mbili, saa nne unalianua. Newala iko juu kwenye uwanda wa Makonde, na asubuhi ukungu unafunika mpaka huoni mwembe wa jirani. Dera langu lilishinda kwenye kamba likiwa na unyevu mpaka karibu adhuhuri. Ndiyo sababu nilibeba mawili na si moja, na ndiyo sababu sweta halikuachwa, ingawa ukilikunja hapa pwani huku jasho linakutoka unajiona umepotea akili. Nililivaa usiku wote tatu.

Gari lilikuwa la binamu yangu, dogo, sisi tulikuwa wanne: binamu, mkewe, mimi, na shangazi yangu ambaye ndiye mama yake. Shangazi alitaka kubeba sufuria mbili, mkeka, na unga kilo tano. Binamu akaanza kubisha. Mimi nilimsihi amwache kwanza mama yake aeleze.

Akaeleza. Wakati wa usichana wake kutoka Lindi kwenda Dar masika hakukuwa safari ya siku moja. Daraja la Mkapa halikuwepo, lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo Rufiji ilivukwa kwa kivuko, na mto ukifurika watu wanalala pale pale kungoja. Lori likinasa mnashuka, mnapika kando ya barabara. Aliyekuja na sufuria ndiye aliyelisha wenzake. "Mimi sikubeba kwa kupenda vitu," alisema. "Nilibeba kwa kuijua njia."

Ninampa haki yake. Mzigo wake ulikuwa mkubwa kwa sababu ulikuwa wa watu wote. Tukakubaliana mkeka uende, sufuria zibaki, na unga ufike kwa wenyeji wetu kama zawadi, maana mkono mtupu haulambwi.

Halafu likaja suala la buti. Naliandika hapa kwa sababu sioni watu wakilitilia maanani. Kwenye magari mengi madogo tairi la akiba liko chini ya sakafu ya buti, chini ya mizigo yote. Tulipita njia panda ya Mingoyo salama, tukapita Mtama, na mbele kidogo ya Nyangao tairi la nyuma likapata pancha. Ikabidi kila kitu kishuke: mkeka, unga, mabegi, madumu mawili ya maji, kindoo cha bibi. Tulivipanga kwenye nyasi, tukaweka pembetatu za tahadhari, mashangingi yanapita kasi yanatupulizia vumbi. Kwa kuwa mizigo ilikuwa michache, tulimaliza kushusha kabla binamu hajafungua boksi la spana. Nimewahi kuona familia imeshusha mizigo ya gari zima jua likizama, watoto wamekaa juu ya magodoro pembeni mwa lami. Inatisha. Tangu hapo jeki na spana vilikaa miguuni mwangu mbele, si chini ya kitu chochote, na mizigo haikupanda tena juu ya viti hadi kuziba kioo cha nyuma.

Masasi tulilala usiku mmoja tu, chini ya yale mawe makubwa. Newala siku mbili.

Kule nililotaka kulifahamu ni maji. Ardhi ya uwanda ule ni mchanga unaokunywa mvua yote, kwa hiyo juu hakuna mito, na maji husukumwa kwa pampu kutoka bondeni. Mwenyeji wetu, yule mdogo wake bibi, alituonyesha kwa kidole upande ambao mama yake alikuwa akiteremka alfajiri na mtungi na kupanda nao. Tulikuwa tumesimama Shimo la Mungu, ardhi imekatika ghafla miguuni petu na bonde la Ruvuma limetandaa huko chini. Nilishukuru kwamba sikufika kwa mtu kama huyu na nguo za kufuliwa kila siku. Mgeni mwenye mizigo mingi hutumia pia maji ya mwenyeji.

Alipofungua kindoo cha ng'onda alinyamaza kitambo. Akanusa. Akasema, "Dada yangu bado anatia chumvi nyingi." Machozi yakamtoka huku anatabasamu.

Siku ya kuondoka kindoo kilikuwa mlangoni, kimeoshwa, kimejaa ming'oko, vile viazi vya porini, na juu yake kifurushi cha korosho. Hapa kwetu chombo cha mtu hakirudi kikavu. Kilikuwa kizito kuliko kilivyokuja. Mtwara tulipita haraka, tukala pweza, tukanyoosha miguu Mikindani, na njia nzima mpaka Lindi kindoo kilikaa mapajani mwangu, kwa kuwa buti sasa lilikuwa limejaa mbaazi za watu.

Sikungoja kesho kwa hicho kimoja. Baada ya magharibi nilikibeba mpaka kwa bibi. Alikuwa barazani anachambua mchele kwa mwanga wa taa ya nje. Nilimwamkia, nikakiweka karibu na ungo wake. Hakuuliza habari za njia. Alifunua kifuniko, akachukua mng'oko mmoja, akausugua udongo kwa kidole gumba, akamwita mjukuu wake alete sufuria.