Jogoo wangu kishingo ana nakala ngapi?

Siku ya 1

Swali ni moja tu. Jogoo wangu ni kishingo: shingo tupu, nyekundu, kama aliyeanza kunyonyolewa akatoroka kabla ya kumalizwa. Kila kuku ana nakala mbili za jeni inayoamua manyoya ya shingo, moja ya baba, nyingine ya mama. Ili awe kishingo, nakala moja ya kishingo inatosha. Basi huyu wangu ana moja au ana mbili? Kwa kumtazama tu huwezi kujua. (Ndivyo nilivyoamini siku hiyo. Ona Siku ya 98.)

Nimemwekea mitetea watatu wenye shingo za manyoya. Hawa hawana siri: jeni ya kishingo haijifichi, kwa hiyo mwenye manyoya kamili hana hata nakala moja ya kishingo. Kila yai lao litabeba jeni ya manyoya, na kifaranga akitoka kishingo ujue amerithi kwa baba. Kama baba ana nakala mbili, vifaranga wote watakuwa kishingo. Kama ana moja, karibu nusu.

Siku ya 31

Mayai 12, vifaranga 9. Kishingo 5, wa manyoya 4. Nimeandika kwa wino mwekundu: NAKALA MOJA. Kazi imekwisha, tena upesi kuliko nilivyotarajia.

Siku ya 33

Haijaisha. Mitetea hawa walikuwa na jogoo mwingine, wa manyoya, hadi siku ileile nilipowahamisha. Na kumbe kuku jike huhifadhi mbegu za jogoo ndani ya njia yake ya mayai, katika vijifuko vidogo sana, na anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki mbili na zaidi bila kupandwa tena. Mimi nilianza kuokota mayai siku ya 4! Wale vifaranga wanne wa manyoya huenda ni watoto wa jogoo wa zamani, na siwezi kuwauliza.

Nimekata ukurasa mzima kwa mstari. Mitetea watakaa peke yao wiki nne.

Siku ya 93

Jogoo alirudishwa siku ya 61, mayai nikayasubiri siku kadhaa zaidi kwa usalama. Leo wametotolewa 6. Wote kishingo, hakuna hata mmoja wa manyoya.

Nikapiga hesabu. Kama baba angekuwa na nakala moja, kila kifaranga ni kama kurusha sarafu: nusu kwa nusu. Sarafu sita mfululizo kuangukia zote upande wa kishingo ni mara moja katika 64. Hiyo ni nadra. Nimeandika NAKALA MBILI, ila safari hii kwa penseli.

Siku ya 98

Nimejifunza jambo ambalo ningelijua tangu mwanzo lingeniokolea miezi mitatu. Jeni ya kishingo hutawala, lakini haitawali kikamilifu. Kuku mwenye nakala mbili shingo yake huwa tupu karibu yote. Mwenye nakala moja hubakiwa na shungi la manyoya upande wa mbele, chini ya shingo. Yaani siri niliyokuwa naitafuta kwa mashine ya kutotolesha imebandikwa kifuani pa jogoo mwenyewe.

Nikaenda bandani nikamwinua kidevu. Shungi lipo, limetuna kama tai iliyofungwa ovyo.

Kwa hiyo shungi linasema moja, vifaranga wanasema mbili.

Siku ya 116

Vifaranga 11: kishingo 4, wa manyoya 7. Shungi limeshinda.

Kifaranga mmoja tu wa manyoya angetosha kumaliza ubishi, maana jogoo mwenye nakala mbili hana jeni ya manyoya ya kumpa mtoto. Upande wa pili sivyo: kishingo hata 50 mfululizo wangeacha upenyo mdogo. Wale sita ilikuwa bahati tu. Yai halijui yai la jana lilitoa nini. Nikijumlisha awamu mbili halali napata kishingo 10 kati ya 17, na hapo nusu inaanza kufanana na nusu.

Ndiyo maana namheshimu Mendel, mtawa aliyechunguza urithi kwa kupanda njegere, zaidi kwa kuhesabu kuliko kwa kuwaza. Katika njegere zake alihesabu mbegu 7,324 kwa sifa moja tu: 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana. Hiyo ni 2.96 kwa 1, karibu kabisa na tatu kwa moja, uwiano unaotarajiwa wazazi wote wawili wakiwa na nakala moja ya kila aina. Angeishia mbegu sita kama mimi, mwaka 1865 angesimama mbele ya wasikilizaji wake mjini Brno na jambo jingine kabisa la kusema.

Siku ya 130

Rafiki yangu ameliona shungi akacheka. "Unaona? Damu zimechanganyika. Nusu ya baba, nusu ya mama."

Sikuwa na jibu la haraka, maana kwa macho ni kweli: shungi linaonekana kama suluhu kati ya shingo tupu na shingo ya manyoya. Lakini rangi nyeupe ukiichanganya na nyeusi hupata kijivu, na kijivu kwa kijivu ni kijivu daima. Nyeupe hairudi. Kama urithi uko hivyo, kuku wa shungi wakipandana watazaa wa shungi tu. Kama jeni ni punje zinazokaa pamoja bila kuyeyuka, basi robo watakuwa na manyoya, nusu shungi, robo shingo tupu.

Hilo linapimika.

Siku ya 290

Mabinti watatu wa shungi wameanza kutaga. Nimewaweka na jogoo. Ndiyo, ni baba yao, najua. Ni kwa jaribio hili moja; ukirudia vizazi vingi, jeni mbovu zilizojificha hukutana nakala mbili mbili na kundi hudhoofika.

Siku ya 359

Manyoya yamekua ya kutosha kuhesabu. Vifaranga 14: wa shungi 6, shingo tupu kabisa 3, na 5 wenye manyoya mpaka kidevuni, ingawa baba na mama wote ni kishingo.

Nikamwita rafiki. Aliwatazama wale watano kwa muda, kisha akaniuliza kama nina hakika mama zao hawakuwahi kukaa na jogoo mwingine. Nikamfungulia daftari: wametengwa na kaka zao tangu wakiwa na wiki nane.